Mama alikuwa anakumbuka madeni ya mtaa mzima, sasa hivi anasahau mlango wa chumba chake

Shikamoo Shangazi. Naomba usiniweke jina maana kaka zangu nao wanakusoma.

Mimi ni mtoto wa mwisho kwetu, nina miaka 34, naishi Kimara na mume wangu na watoto wawili. Mama yangu ana miaka 69. Mwaka jana mwezi wa saba tulimtoa Muheza tukamleta huku kwangu baada ya baba kufariki, tuliona tukimuacha peke yake kule kwenye shamba la machungwa na ile presha na sukari yake tutakuja kuitwa usiku. Shangazi, huyu mama ni mtu wa kazi, asubuhi anapalilia, mchana anabeba machungwa kwenda kuuza sokoni, na alikuwa anakopesha watu bila daftari. Yani madeni yote yalikuwa kichwani, mama fulani elfu mbili na mia tano tangu Jumanne, mwalimu fulani elfu moja, na hakosei hata mia. Watu walikuwa wanamuogopa kwa hilo.

Alivyofika huku tukakubaliana ndugu wote kwamba sasa apumzike, ametulea saba, inatosha. Nina dada wa kazi, kwahiyo mama haoshi kikombe, hafagii, hapiki, chai anawekewa mezani. Anakaa kwenye kochi anaangalia tamthilia za Kituruki kuanzia asubuhi mpaka usiku, sauti kaiweka juu mpaka jirani ameshalalamika.

Sasa tangu kama mwezi wa kumi na moja nikaanza kuona mambo. Ananiuliza umenunua mkaa, namwambia mama sisi tunatumia gesi, baada ya dakika kumi tena, umenunua mkaa? Siku nyingine nilimkuta koridoni amesimama usiku, mkono kwenye kitasa cha stoo, anasema mbona chumba changu mmekifunga. Majina ya wajukuu anayachanganya. Mwezi wa pili alitoka mwenyewe kununua vitunguu hapo dukani tu, hakurudi, tukaja kumkuta kijiwe cha bodaboda kule chini amekaa kwenye benchi na mfuko wa vitunguu mapajani, vijana wakasema bibi tumemuuliza anakaa wapi anasema Muheza. Nililia siku hiyo. Tangu hapo geti nalifunga na funguo nakaa nayo mimi au dada.

Jirani yangu mmoja ananiambia mama amechezewa huko kijijini kwa sababu ya shamba, niende naye mahali. Kaka yangu mkubwa yeye amenunua vidonge vya kuongeza kumbukumbu, kopo moja laki na themanini, mwezi wa tatu huu anakunywa sioni tofauti. Halafu usiku halali, anazunguka zunguka, kwahiyo huwa nampa Piriton mbili ndo anatulia. Dawa zake za sukari (metfomini, ana zaidi ya miaka kumi nazo) na za presha anakunywa vizuri tu, nasimamia mwenyewe. Miguu anasema nyayo zinakufa ganzi.

Kuna kitu nilisoma kwamba mazoezi yanasaidia ubongo wa wazee, nikamwambia kaka tumtafutie hata mtu wa kumtembeza, akanigombeza, anasema unataka mama aanguke avunjike nyonga halafu tumzike? Na mama mwenyewe ameshaniomba mara nyingi nimpe jembe, kuna kona nyuma ya tenki la maji anasema imekaa bure apande hata mchicha. Nikamkatalia. Kiukweli Shangazi niliona aibu, watu wataniona nimemleta mama yangu mjini kumlimisha.

Nifanyeje? Ni uzee tu au ndo ameanza ule ugonjwa?

Binti wa mwisho, Kimara

Majibu ya Shangazi

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba wa baba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu, maana umeniandikia majibu humo humo bila kujua, yamelala kwenye sentensi ulizozipitia haraka. Piriton umeitaja kama mtu anayetaja chumvi. Sauti ya TV umeitaja kwa sababu ya jirani. Ganzi umeiweka mwishoni kabisa kama kitu ambacho hakihusiani na kichwa. Tuanze na hivyo kabla ya mazoezi, maana mazoezi nitakwambia, lakini mtu hapandi mlima na kijiti kwenye kisigino.

Piriton kwanza. Ndani ya ubongo kuna kemikali inaitwa asetilikolini, hiyo ndo seli zinaitumia kupashana habari pale mtu anaposhika jambo jipya, kama kumbuka hapa tunatumia gesi siyo mkaa. Piriton, pamoja na kukausha mafua, inaiziba hiyo kemikali. Wewe ukinywa mbili unaamka na uzito kidogo yanaisha, mzee wa miaka 69 dawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi na ubongo wake una akiba ndogo. Na ujue kwamba nyingi ya dawa ambazo madaktari wanawapa wenye ugonjwa wa Alzheimer, huo ugonjwa wa kusahau unaouogopa, kazi yake ni kuiongeza hiyo hiyo asetilikolini. Sasa wewe kila usiku unaitoa. Sikulaumu, nchi nzima inafanya hivyo, Piriton ndo dawa ya usingizi ya maskini na tajiri, ila kwa mama leo mwisho. Kama huwa anakunywa kila siku kwa miezi mwambie daktari ukweli, usifiche eti atakusema.

Pili metfomini. Ni dawa nzuri na asije mtu akakwambia uisimamishe, lakini mtu akiinywa miaka mingi inaweza kumpunguzia vitamini B12, na B12 ikishuka inaleta vitu viwili ambavyo umeniandikia vyote: kusahau, na ganzi ya nyayo. Ganzi inaweza kuwa ni sukari yenyewe pia, ndo maana anatakiwa kupimwa, siyo kukisiwa na mimi. Mkienda hospitali mtaje kwa jina, daktari naomba mama apimwe B12, na tezi ya shingo, na damu, na figo, na sukari ile ya wastani wa miezi mitatu. Hela ya kopo moja la kaka yako ianzie hapo. Hayo makopo yenyewe achana nayo, na kaka mwambie hivyo hivyo kwa heshima, hela yake inahitajika ila siyo dukani kule.

Masikio. Mtu anayeweka TV mpaka jirani analalamika hasikii vizuri, na mtu asiyesikia vizuri anaacha kuongea na watu kwa sababu anachoka kuuliza unasemaje, anakaa kimya, na ubongo unakaa kimya naye. Muulize daktari amwangalie masikio, wakati mwingine ni nta tu imejaa humo. Macho pia, hasa kwa mtu wa sukari.

Halafu kuna jambo ambalo nyie watoto saba hamkuliongelea hata mmoja. Mama amefiwa na mume, na ndani ya muda huo huo mkamtoa kwenye nyumba yake, shamba lake, wateja wake, kanisa au msikiti wake, watu wanaomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sonona kwa mzee mara nyingi haiji na machozi, inakuja na kusahau, kutolala, kukaa tu. Hilo nalo daktari alisikie.

Mwaka 2024 kuna jopo la wataalamu wa dunia waliotoa ripoti kwenye jarida la kitabibu la Lancet, wakataja mambo 14 ambayo yanachangia watu kupata ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kushughulikiwa, wakasema yakishughulikiwa yote karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kukingwa au kucheleweshewa. Nimehesabu kwenye barua yako bila kutafuta sana nimepata matano: presha, sukari, masikio, upweke, na kutojishughulisha mwili. Haimaanishi mama anao huo ugonjwa. Inamaanisha kazi ipo na inajulikana ni ipi.

Umeniuliza ni uzee tu? Kupotea njia ya kurudi nyumbani hatuuiti uzee tu. Inawezekana pia kilianza kule kule Muheza hamkukiona, maana mtu kwenye nyumba aliyokaa miaka arobaini anatembea kwa mazoea, mguu unajua choo kiko wapi hata kichwa kikisahau. Wapigie majirani zake waulize, machungwa ya mwisho alikuwa anadai watu sawasawa? Na usikubali mtu akwambie ugonjwa huu ni wa wazungu. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipimwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, utafiti ulitoka mwaka 2013, wakakuta kama 6 kwenye kila 100 wanao. Ni wazee wa migombani hao. Kwahiyo jirani yako na mambo yake ya kuchezewa mshukuru, mpe chai, aende.

Haya sasa tuje kwenye jembe.

Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande, kuna kipande kidogo kinaitwa hipokampasi, kimejikunja kama yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi. Hapo ndo kumbukumbu mpya zinapokelewa, na hapo ndo ramani ya njia inakaa, njia ya kutoka dukani kurudi nyumbani. Uzeeni kinasinyaa, kama asilimia 1 mpaka 2 kwa mwaka. Sasa Marekani kuna watafiti, mmoja wao Kirk Erickson, walichukua watu 120 wa miaka 55 mpaka 80 ambao walikuwa watu wa kukaa tu, kama mama alivyo kwenye kochi, wakawagawa. Nusu walitembea, kutembea kwa kuchangamka siyo kukimbia, siku tatu kwa wiki. Nusu wakafanya mazoezi ya kujinyoosha. Baada ya mwaka wakawapiga picha za ubongo, matokeo yakatoka mwaka 2011: wa kujinyoosha hipokampasi imesinyaa kwa asilimia 1.4 hivi, wa kutembea imekua kwa asilimia 2. Imekua, mwanangu, kwa watu wazima. Walianza na dakika 10 tu wakawa wanaongeza 5 kila wiki mpaka wakafika 40, kwahiyo kaka yako anayesema ataanguka mwambie hata wao hawakuamka siku moja wakapanda Kilimanjaro.

Kwenye majaribio ya kumbukumbu nikuambie ukweli makundi yote mawili yalipanda, ila ndani ya wale watembeaji, ambaye hipokampasi yake ilikua zaidi ndo na kumbukumbu yake ilipanda zaidi. Na kwenye damu walikuta kitu kinaenda pamoja na huko kukua, protini moja wanaiita BDNF. Kazi yake ni kufanya seli za ubongo zisife na zitoe matawi mapya ya kushikana na wenzake. Msuli ukifanya kazi damu inakimbia, msuli wenyewe unamwaga vitu kwenye damu vinavyofika mpaka kichwani, na ubongo unaongeza hiyo BDNF. Mama akikaa kwenye kochi kutwa msuli haumwagi chochote.

Kuna na habari ya panya. Mwaka 1999 kule Marekani walionyesha panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia wanazaa seli mpya za hipokampasi kuliko waliokaa tu. Seli hizo ni kama miche ya kitalu, mama atakuelewa ukimwambia hivi, miche mingi haifiki shambani, inayofika ni ile iliyopata kazi, yani panya alipewa kitu cha kujifunza. Kwa binadamu wanasayansi bado wanabishana kama uzeeni tunazaa seli mpya au la, kwahiyo ya panya nakupa kama ya panya.

Na nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Hao watu 120 wa Marekani hawakuwa na ugonjwa wa kusahau. Uingereza walijaribu kwa watu ambao ugonjwa umeshaanza, wakawapa mazoezi mazito kweli ya jimu, wakatoa majibu mwaka 2018: mwili ulipata nguvu lakini kusahau hakukupungua. Kwahiyo kama vipimo vitaonyesha mama ameshaanza, usitegemee jembe litafuta ugonjwa. Lakini mtu mwenye miguu yenye nguvu anaanguka mara chache (kaka asome hapa mara mbili, miguu iliyolegea kwa kukaa nayo inaangusha wazee wakavunjika nyonga), sukari yake inashuka, presha inatulia, na usiku analala. Unajua kwa nini mama halali? Atachokea wapi? Mtu aliyezoea kubeba tenga la machungwa unamkalisha masaa kumi na manne halafu saa tatu usiku unamwambia alale.

Finland walifanya jambo ambalo mimi ndo nalipenda zaidi, watu 1,260 wa miaka 60 mpaka 77 ambao walikuwa kwenye hatari ya kusahau, miaka miwili, matokeo 2015. Hawakuchagua kimoja. Chakula, mazoezi, kazi za kuchezesha akili, na kufuatilia presha na sukari na mafuta, vyote kwa pamoja, na kundi hilo likafanya vizuri kwenye vipimo vya akili kuliko wenzao waliopewa ushauri tu. Sasa niangalie mama yako alivyokuwa Muheza: anapalilia, anatembea sokoni, anapiga hesabu ya madeni kichwani, anaongea na watu hamsini kwa siku, anakula mboga ya shambani. Alikuwa na programu yote ya Finland nyie mkamwambia mama pumzika.

Najua mlifanya kwa upendo. Mimi mwenyewe mama yangu nilimnyang'anya mwiko nikadhani namheshimu.

Kwahiyo mpe jembe. Hiyo kona ya nyuma ya tenki ipime, apande mchicha, matembele, na mnavu kama anaupenda. Asubuhi kabla jua halijawa kali, avae viatu vilivyofunga siyo kandambili, maana nyayo zenye ganzi hazisikii kipande cha chupa, na wewe jioni uzikague hizo nyayo. Awe amekula, na kama kuna dawa nyingine ya sukari zaidi ya metfomini uliza kwanza isije sukari ikashuka sana, aweke pipi mfukoni. Kifua kikibana au kizunguzungu, anaacha, mnaenda hospitali.

Kutembea anza na dakika 10, Kimara ina milima hiyo, kwahiyo mchagulie njia ya tambarare, hiyo hiyo kila siku isibadilike, atembee na mjukuu au dada wa kazi. Mwendo awe anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mkifika kwenye kona muulize yeye, mama sasa tunakata wapi? Mwache afikirie, usimjibie. Shirika la Afya Duniani wanasema mzee afike angalau dakika 150 kwa wiki, na siku tatu awe na mazoezi ya kushika mizani asianguke, ashike kiti cha jikoni asimame mguu mmoja, wewe uko pembeni. Mtafika taratibu, hamna mbio.

Geti lifungue mwanangu. Kwanza moto ukitokea je? Pili ni mama yako siyo mfungwa. Andika namba yako ya simu kwenye kitambaa ushonee ndani ya pindo la khanga zake zote, na wale vijana wa bodaboda wape namba na asante yao, maana walimkalisha kwenye benchi wakamlinda na vitunguu vyake. Ikitokea siku akachanganyikiwa ghafla, yani jana alikuwa sawa leo hakutambui, au mdomo umeenda upande, au ameanguka akagonga kichwa, hapo usiniandikie mimi, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Na aibu ya majirani, eti umemleta mama mjini kumlimisha. Wakikuuliza waambie ni maagizo ya daktari, maana nina hakika daktari naye atakwambia hivyo.

La mwisho, mchicha ukishakua usiulize bei wewe. Mwache mama akae na meza ndogo hapo nje ya geti, auze mafungu yake, akopeshe. Wewe chukua daftari uandike kwa siri nani kachukua nini, jioni muulize nani anadaiwa, halafu linganisha. Daftari hilo mpelekee daktari kila mnapoenda kliniki, na mimi niandikie majibu ya B12 yakitoka.